Gari la Babu Litembee Tena: Vidokezo 11 kwa Wana Mara Wanaopenda Magari ya Zamani

Chungulia simu za vijana wa Musoma jioni, hukosi kukuta video ya fundi wa Kimarekani akifufua Ford Mustang au Dodge Charger ya miaka ya 1960. Injini ya V8 inanguruma, rangi inang'aa, kila mtu anashangilia. Raha tupu! Lakini kuileta Mustang hadi Mara kuna mlolongo wa ushuru, na magari yaliyozeeka hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Habari njema ni kwamba gari la kufufua tayari unalo jirani: Land Rover 109 nyuma ya zahanati ya misheni, Peugeot 504 ya mwalimu mstaafu, au lile Bedford lililokuwa likisomba pamba Bunda.

Wala usidhani umechukua la daraja la pili. Mwaka 1964 Mercury ya Marekani ilileta magari sita ya Comet, yenye injini za V8, kwenye mbio za East African Safari. Yaliyomaliza ni mawili tu, na ushindi ukachukuliwa na Ford Cortina. Mwaka 1966, na tena 1967, wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Dar es Salaam, wakiwa ndani ya Peugeot 404. Ndiyo, 404 ile ile ambayo kuku wa jirani yako wanatagia mayai kwenye kiti cha nyuma! Haya, tuvae ovaroli.

1. Chagua gari lenye ukoo mkubwa

Kama hili ndilo gari lako la kwanza kufufua, usichague lililo adimu. Chagua lenye ndugu wengi, maana ndugu ndio wanaochangia spea. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, ikafikisha magari milioni moja mwaka 1976, na uzao wake wa moja kwa moja uliendelea kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, hadi tarehe 29 Januari 2016. Kiwanda cha Leyland pale Thika, Kenya, nacho kilikuwa kikiziunganisha. Peugeot 504 pia iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na Kenya kwetu ni kuvuka tu Sirari. Volkswagen kobe zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Humber au Zephyr iliyobaki peke yake wilaya nzima ni nzuri mno, lakini iache iwe gari lako la pili.

2. Shikamoo kwanza, bei baadaye

Gari bovu uani ni kumbukumbu ya mtu. Ukifika Butiama au Kiabakari ukaanza kupiga mateke tairi kabla hujaketi, umeshalikosa. Keti. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Uliza habari za mvua, za ng'ombe, za watoto walio mbali. Kisha uliza gari lilinunuliwa wapi, lilipita wapi, nani alikuwa dereva wake. Sikiliza vizuri, kwa sababu ndani ya hadithi hizo kuna mambo yasiyoandikwa popote: giaboksi iliyobadilishwa, silinda hedi iliyowahi kupasuka, boksi la spea lililohifadhiwa darini. Siku ya kwanza bei usiiguse kabisa.

Na hapa kuna mbinu inayofanya kazi: mwahidi bibi mwenye nyumba kwamba gari likiwaka, safari ya kwanza anakaa yeye kiti cha mbele. Halafu itimize ahadi. Kama familia haitaki kuuza, pendekeza mlifufue pamoja, wao watoe gari na wewe mikono. Magari mengi yameokolewa kwa njia hiyo.

3. Karatasi kabla ya spana

Najua mikono inawasha. Subiri kidogo! Tafuta kadi ya gari. Mara nyingi jina lililoandikwa ni la mtu aliyekwisha fariki, na hapo mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa anakuhakikishia kwamba "sisi wote tumekubaliana." Andikishaneni mkataba wa mauziano, mashahidi wakiwepo, kisha nendeni TRA mkaulize rekodi ya gari inasomaje. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, hivyo gari lililolala halikuongezei mzigo huo, lakini kumbukumbu zake zifanye zisomeke sawa tangu mwanzo. Gari lililokuwa la serikali lazima liwe na hati za mnada.

Namba ya chasisi ya Land Rover za zamani haipo kwenye kibati tu. Imegongwa pia kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Sugua kwa brashi ya waya, pangusa, uilinganishe na kadi. Zikitofautiana, funga daftari uende nyumbani.

4. Nenda na sumaku mfukoni

Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, sumaku haishiki, na ndiyo sababu kwa nje linaonekana zima hata baada ya miaka hamsini. Usidanganyike na sura hiyo. Chasisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma. Lala chini ugonge chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma kabisa. Mlio mkali ni afya, mlio mzito uliokufa ni kutu ndani. Kisha chokoa kwa bisibisi pale dereva anapoweka miguu, pamoja na mikono ya chasisi inayobeba bodi. Kwenye Peugeot, sumaku inafanya kazi kinyume chake: ikikataa kushika mlangoni, hapo kuna fila nene iliyofunika tundu.

Wana Mara tuna bahati moja kubwa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Gari lililozeekea Makoko huwa limeliwa na kutu kidogo kuliko lililozeekea Tanga au Bagamoyo.

5. Usipige staata!

Umeleta betri, shemeji amekuja na waya, watoto wamezunguka, wote wanataka kusikia mlio. Wazuie. Injini iliyokaa miaka mingi pistoni zake huenda zimeshikana na silinda, na ukilazimisha unavunja ringi kwa sekunde moja.

Kwanza kagua wapangaji: nyuki hupenda chasisi, panya hupenda kichujio cha hewa, na nyoka humfuata panya. Kisha fungua plagi zote, mimina vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya injini katika kila silinda, ziba kwa vitambaa safi, uache wiki nzima. Ukirudi, ongeza kidogo. Land Rover za zamani zina tundu la hendeli mbele, basi izungushe kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikilegea, umeshinda! Mwaga oili ya zamani, weka mpya, safisha tangi la mafuta (petroli iliyooza hunuka vanishi na huziba kabureta), ndipo uite betri. Mpangilio wa waya za plagi kwa Land Rover na kwa 504 ni ule ule: 1-3-4-2. Uandike ukutani kwa chaki.

6. Usiombe "kidude," omba namba

Hapa ndipo wawindaji wa spea wanapotofautiana. Anayeingia dukani na kusema "naomba kidude cha breki cha Land Rover ya zamani" hupewa kidude, na nyumbani hakiingii. Land Rover fupi, ile 88, ina drumu za breki za inchi 10, na 109 ina za inchi 11. Peugeot 504 kuna zenye injini ya sentimita za ujazo 1,796 na kuna za 1,971. Kabla ya kutoka nyumbani, andika aina, mwaka, namba ya chasisi, namba ya injini, na namba yoyote iliyogongwa kwenye spea yenyewe. Ipige picha ikiwa imelala pembeni ya rula.

Sasa ile mbinu itakayokuokolea fedha nyingi. Bering na sili za oili hazihitaji duka la Land Rover. Bering ina namba ya dunia nzima: 6203, kwa mfano, ni milimita 17 ndani, 40 nje na 12 unene, iwe Musoma au Tokyo. Sili hupimwa vivyo hivyo, ndani, nje na unene. Isafishe ya zamani kwa mafuta ya taa, soma namba, uende duka lolote la bering. Nimeona watu wanasubiri miezi spea kutoka Ulaya wakati ilikuwa rafuni Mwanza, kwenye pakiti isiyo na jina la gari lolote.

7. Winda kwa duara, anzia nyumbani

Duara la kwanza ni miguu yako mwenyewe. Pita gereji kongwe za Musoma na Bunda, zile ambazo mzee mwenyewe bado anakaa kwenye kiti mlangoni, uulize kilichobaki stoo. Misheni zilizokuwa na Land Rover mara nyingi ziliweka spea za akiba. Bunda ipo karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na watu wa utalii wameyatumikisha magari haya kwa miongo mingi, hivyo ongea na mafundi wao. Tazama pia mikokoteni inayopita barabarani: akseli na habu zake nyingi zilianza maisha chini ya gari. Ukiona unayoitafuta, ofa yako iwe akseli nyingine nzima pamoja na gharama ya kuifunga, mwenye mkokoteni asilale njaa.

Usimsahau muuza chuma chakavu. Yeye hupima kwa kilo, wewe unapima kwa thamani, kwa hiyo mpe bei inayozidi ya kilo na namba yako ya simu, umwombe akupigie kabla hajakata. Ila dai risiti na uliza kilikotoka. Difu ya wizi haina baraka, na polisi hawana utani nayo.

Duara la pili ni Mwanza, kisha mpakani. Ukivuka Sirari unaifikia Kisumu na mafundi wake wa jua kali, na ukiendelea hadi Nairobi, Barabara ya Kirinyaga ni maduka ya spea bega kwa bega. Kampala wana soko la Kisekka. Dar es Salaam nenda Gerezani na Kariakoo. Huna haja ya kusafiri kila mara: tafuta fundi mmoja mwaminifu katika kila mji, mtumie picha na namba, yeye atume kwa basi. Mzigo ukivuka mpaka, utangaze forodhani. Ushuru wa gasketi huuma kidogo, kunyang'anywa boksi zima kunauma sana.

Duara la mwisho ni Uingereza na Ufaransa, ambako spea za Land Rover na Peugeot za zamani bado zinatengenezwa. Huko agiza vitu vidogo vyepesi ambavyo huku havipatikani, na uviagize kwa mkupuo. Ndugu anayekuja likizo Desemba ana nafasi ya seti ya mipira ya breki kwenye begi lake, ukimwomba mapema na kwa heshima.

8. Spana za inchi, tafadhali

Land Rover za zamani zina nati za vipimo vya inchi. Ukilazimisha spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi (milimita 12.7), utailamba kona zote, na nati iliyolambwa huongeza siku nzima ya kazi. Ukikosa seti kamili, anza na spana nne: 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Ya mwisho hata 19 yako ya kawaida inaitosha. Peugeot haina shida hiyo, ni milimita tupu.

9. Kichongekacho kichongwe, breki ziache

Mara ina mafundi wa mashine za leth wenye mikono ya dhahabu. Anza kuuliza SIDO na VETA mkoani, watakuelekeza kwa wanaoweza. Bushi, pini za springi, mabano, bomba la eksozi, rejeta ya kubadilishwa moyo, hayo yote yanatengenezeka hapa hapa. Gasketi nyingi za karatasi unazikata mwenyewe mezani. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 huchongwa silinda, ukafunga pistoni za saizi kubwa zaidi, za 20 au 40 (yaani sehemu za elfu za inchi). Injini ya 504 ina sliva zinazotoka, kwa hiyo ukipata seti ya sliva na pistoni zake huhitaji kuchonga. Angalia tu silinda hedi yake: ni alumini, na ikichemshwa mara moja hupinda, basi ipeleke ikapimwe usawa kabla ya kufunga gasketi mpya.

Lakini breki na usukani, hapana. Usichonge, usichomelee, usinunue vilivyotumika bila kuvifungua. Silinda za breki na mipira yake ziwe mpya, na mafuta yawe ya breki kweli. Oili ya kawaida huvimbisha mipira, na utaligundua hilo kwenye mteremko, mahali pabaya kabisa pa kugundulia. Fedha zikiwa chache, gari likae bila rangi mwaka mzima, ila breki zikamilike.

10. Litengenezee pumzi ya Musoma

Uso wa Ziwa Victoria upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar. Kabureta iliyorekebishwa pwani itakunywesha petroli bure. Endesha kidogo, zima, fungua plagi uisome: nyeusi yenye masizi, punguza mafuta, nyeupe kavu, ongeza, kahawia hafifu, usiguse kitu! Kuhusu umeme, Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Angalia kwanza, kisha unganisha. Ukikosea hapo, altaneta au redio mpya inaungua siku ya kwanza.

Rangi ni ya mwisho kabisa. Alumini huhitaji praima yake maalumu, vinginevyo rangi hubanduka. Na kila mahali alumini inapogusana na chuma, weka mpira au praima katikati, kwa sababu unyevu ukiingia hapo alumini hugeuka unga mweupe. Panga kazi hii nje ya masika, na mwagia sakafu maji vumbi litulie.

11. Likiwaka, litoe lionekane

Usilifiche! Oktoba 2024 wenye Land Rover walifurika Arusha kwa tamasha lao, wakiwania rekodi ya dunia ya msafara iliyokuwa Ujerumani. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanatunza Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere. Nawe anza na safari fupi: Musoma, Makutano, hadi kwenye makumbusho ya Mwalimu, Butiama. Ukizoea, shuka Bunda hadi Mwanza. Oktoba 1967 Mwalimu alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha, basi Land Rover yako haina kisingizio. Beba mkanda wa feni wa akiba, maji, plagi mbili, na bibi kiti cha mbele kama ulivyoahidi.

Na kama gari la namna hii lipo kwenu uani, toka leo hii ukasugue ile namba ya chasisi, uipige picha, uwaambie wa nyumbani kwamba haliuzwi kwa kilo.